Mashine ya Mafuta ya Damu Chini ya Kitambaa Cheupe

Asubuhi hii Daktari Sylvie wa chumba cha wagonjwa mahututi amesema kwamba kolesteroli ya Papa Florent wa kartie ya Mabanga, ambaye jeraha la mguu limemwingizia vijidudu hadi ndani ya damu, imeshuka kwa nusu. (Makofi.)

Waheshimiwa wakubwa wa kartie, mapadri, mama wa soko, na ninyi wagonjwa mnaoweza kusimama: mimi Balagizi, Direkta wa Programu Jumuishi ya Mafuta ya Damu, niliahidi kupunguza mafuta ya Goma, na leo hata mutu asiyemeza kitu tangu Jumapili ametii. (Vigelegele.) Statistiki zinaonyesha kwamba asilimia mia ya waliopimwa, yaani Papa Florent, wamepiga hatua!

(Daktari Sylvie: "Papa Direkta, huko si kupona. Ugonjwa ndio unaikula. Na mafuta ya aina nyingine yamepanda. Lazima tupime tena leo, tujue kama anageukia uzima ama anazama.")

Asante, Daktari. Yaliyoshuka yameshuka, yaliyopanda yamepanda: ndiyo tunaita ekilibre, mizani sawa. (Kicheko.)

(Mama Kahindo, mke wa Florent: "Papa Direkta, bwana yangu nikimuita hanijibu tena. Mashine ya kupima damu si iyo hapo chini ya kitambaa? Muifunue basi, mumupime!" Umati: "Funua! Funua!")

Utulivu, mama. Mashine ya daraja hii haifunuliwi ovyo. Inahitaji utepe, makasi, na mukubwa wa kukata, ambaye bado yuko njiani kutoka Rumangabo.

(Muzee mmoja: "Mbona inavuja maji chini?")

Ni maji ya kiteknolojia, muzee. (Daktari Sylvie anampa Mama Kahindo kichupa cha damu na kumnong'oneza jina la maabara ya mjini iliyopima asubuhi. Mama Kahindo anatoka mbio, anaita motard wa pikipiki.) Mama, usitoke, kuna soda! Tuseme pamoja: mafuta chini! (Umati: "Chini!") Programu juu! (Mutu mmoja anakohoa.)

Namalizia kwa kumshukuru Mama Joyeuse, muuza soda, aliyetuazima friji yake ili kitambaa kisikose kitu cha kufunika. Aje kuichukua kabla soda hazijapata moto. Kamati ya kujadili kama tuombe mashine itakutana Ijumaa, saa nne asubuhi. Papa Florent anaombwa asubiri.