Daftari la Msomaji wa Mto

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Ghafla tu, hata uso sijanawa.

Mwalimu Mstaafu kapiga hodi nikiwa bado na mswaki mdomoni. Kaniita mtaalamu. Mimi! Anasema Ijumaa kuna mkutano wa hadhara ukumbini kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na kama chekechea ya ukingoni ihamishwe kabla ya mvua kubwa. Kwa maoni yake mto unapanda mwaka hadi mwaka, na wenye viwanda ndio wawajibike. Anataka daftari langu liwe ushahidi. Nikamwambia sayansi haikimbizwi.

Mchana kaja Bwana Mbao, mwenye kiwanda cha mbao kule juu ya mto. Naye kaniita mtaalamu. Kwake yeye mto ulikuwa unajaa na kupungua hata babu zake hawajazaliwa, na kama kuna tatizo, kila mwananchi apande mti wake nyuma ya nyumba yake, wengine waachwe wafanye kazi. Naye anataka daftari langu.

Nieleze, kwa faida ya vizazi vijavyo. Mimi ni msomaji wa mto wa ofisi ya maji. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nateremka ngazi themanini na nane hadi kwenye nguzo yenye namba, nainama, nasoma maji yamefika sentimita ngapi, naandika. Ndivyo inavyosema barua ya ajira.

Ukweli ni kwamba nimeteremka mara nne. Ngazi zina utelezi, na goti langu la kushoto halipendani na unyevu. Tangu Juni nakadiria kutoka jikoni, chai mkononi. Makadirio ya kitaalamu. Leo nimelifungua daftari nikalisoma kwa mara ya kwanza. Mia na ishirini. Mia na ishirini. Mia na ishirini. Julai nzima. Septemba nzima. Hata maji ya ndoo hayatulii hivyo.

Nimekwisha.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mwalimu ameahidi kwamba tukishinda nitakuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mto. Nikakubali. Bwana Mbao ameahidi hivyohivyo. Nikakubali tena. Sioni kosa, kwa vyovyote vile mwenyekiti ni mimi.

Kiti hicho nakihitaji. Kazi hii niliirithi kwa mama mkwe, aliyestaafu Juni, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Mama Mto. Mimi je? Leo muuza mkaa kaniuliza kama si mimi yule mkwe wa Mama Mto. Miezi tisa kazini bado ni mkwe wa mtu!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mama mkwe kaenda kliniki ya macho. Nikaingia chumbani kwake kwa adabu zote, yaani kwa ncha za vidole. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati. Ndani, madaftari thelathini na sita, moja kwa kila mwaka.

Nilidhani nitakuta namba tu. Nimekaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna siku iliyorukwa, hata moja. Siku ya mazishi ya mumewe: mia na themanini na moja, mwandiko uleule. Siku aliyomzaa mke wangu: "Mia na sita. Mtoto wa kike, mzima. Shemeji amenisomea. Nimemrudisha akasome tena, hakuinama."

 Ukifungua daftari moja huoni kitu. Nikayapanga yote sakafuni, toka kitandani mpaka mlangoni, nikatafuta namba kubwa kuliko zote katika kila mwaka. Miaka ya kwanza haifiki mia mbili na hamsini. Halafu mia mbili na sabini. Halafu mia tatu. Mwaka juzi, mia tatu na arobaini. Kitu kikubwa kimekuwa kikitupandia polepole, na mwanamke mmoja mwenye kalamu alikuwa chini kule kila asubuhi akikitazama. Sijawahi kuona jambo kama hili maishani mwangu. Nimeogopa, na sioni haya kusema.

Kisha nikapata wazo.

Mwaka aliozaliwa mke wangu ndio wenye mwandiko mzuri kuliko yote. Nitaunakili ule. Namba za kweli tupu, zilizosomwa kwa kuinama! Zimehama mwaka tu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimenakili mpaka vidole vimepinda. Nikadondosha matone ya maji kwenye kurasa ili lionekane lilifika mtoni. Mke wangu kaniuliza nafanya nini. Nikamwambia natumikia taifa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya aibu. Naandika kwa sababu hakuna wa kuongea naye humu ndani.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwalimu akasema wenye viwanda wachukue hatua. Bwana Mbao akasema wazazi wachukue hatua. Wazazi wakasema halmashauri. Afisa wa halmashauri akasema wameupokea wasiwasi wetu na wanasubiri maelekezo kutoka juu. Kila mtu alikuwa na kidole, na kila kidole kilikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Ndipo likaletwa daftari langu. Bwana Mbao akalishika kwa mikono miwili, akaanza kusoma kuanzia Novemba. Maji kidogo, mto mpole, chekechea ibaki ilipo. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali.

Nikamtazama mke wangu. Kwenye mapaja yake alikuwa amelala kitinda mimba wetu, ana miaka mitano, bado kavaa sare ya chekechea. Akili ikaniingia wakati ule. Pale ukingoni ndipo anaposoma mwanangu. Nampeleka mwenyewe kila siku! Nikataka kusimama niseme. Magoti yote mawili yakakataa, hata lile zima.

Bwana Mbao alikuwa anaendelea. Tarehe saba, tisini na nane. Tarehe nane...

"Mia na moja," sauti ikasema kutoka nyuma.

Bwana Mbao akatazama daftari. Ilikuwa mia na moja.

"Tarehe tisa, mia na sita," akasema mama mkwe. Alikuwa amesimama, mkoba begani. "Kumi, mia na nne. Kumi na moja, mia na mbili. Hizo ni namba zangu. Hiyo tarehe tisa nilimzaa huyu binti yangu. Sasa ana miaka thelathini na minne."

 Watu walimtazama kama wanaomwona mara ya kwanza, na mimi, ambaye nala naye meza moja, nilimtazama hivyohivyo. Miaka yote hiyo alikuwa nayo kichwani!

Akatoa daftari jingine mkobani. Jipya. Amestaafu lakini hakuacha kuteremka. Kumbe zile safari zake za asubuhi, alizotuambia ni za kunyoosha miguu, ndizo hizo. Wiki hii maji yamefika mia mbili na tisini, na mvua kubwa hazijaanza. Akasoma ukurasa mzima. Alipomaliza, wakaanza tena kubishana nani ahamishe.

"Endeleeni kuzungumza," akasema. "Mimi kesho saa moja naanza kuhamisha viti vya watoto."

Kwangu hakugeuka. Bora angenitukana.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mke wangu hasemi nami. Chai ananipa kwa kuisukuma.

Mama mkwe kanigongea mlango alfajiri. Akasema tu, "Twende, mwanangu." Ana miaka sabini na moja, katangulia yeye, mimi nyuma nimeshikilia ukuta. Kule chini nikauona mto. Miezi tisa nimeuandika, sijawahi kuutazama sawasawa. Mpana, mzito, unapita na magogo mazima bila kelele, na ardhi inatetemeka chini ya viatu.  Mama mkwe akaniambia niiname. Nikainama. Mia mbili tisini na sita.

Saa moja alianza na kiti kimoja. Mwalimu akaja. Bwana Mbao akaja na lori lake, akidai lilikuwa linapita tu. Afisa akaja kutujulisha kwamba maelekezo hayajafika, akabeba madawati mawili. Kufika saa tano, chekechea yote ilikuwa ukumbini.

Mpiga picha wa gazeti naye alikuwepo. Kwa bahati nilikuwa mbele, na kiti kidogo cha buluu, na daftari kwapani. Mara tatu kwa bahati.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mvua tangu Jumapili. Saa nne asubuhi mto umeingia chekechea.

Mtaa mzima tulisimama juu, kwenye ngazi. Ukuta wenye herufi kubwa za rangi ulianza kulegea, ukakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, na maji yakapita juu yake. Hakuna aliyebishana. Mwalimu, ambaye hata msibani huhutubia, alikuwa akihesabu watoto kwa kidole. Bwana Mbao alivua kofia. Nilimshika mwanangu mkono mpaka akalalamika kwamba namuumiza. Sikumwachia.

Nguzo inaishia mia nne, na ilikuwa haionekani. Mama mkwe akahesabu ngazi zilizomezwa, akaandika mia nne thelathini na sita. Mwandiko uleule.

Nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya mke wangu: mimi ni mtu mpya.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Barua! Makao makuu wameiona picha gazetini. Wanamwalika "Msomaji wa Mto, aliyeokoa watoto" akatoe mhadhara wa siku nne, kuanzia Jumatatu. Mada: Uaminifu katika Vipimo. Mke wangu kasema kipofu anaona barua hii ni ya mama yake. Nikamwonyesha bahasha, imeandikwa cheo, na cheo ni changu. Mama mkwe kasema niende tu, yeye hotuba hazipendi, na mto atanisomea.

Nikakataa katakata. Mama wa watu, umri ule, na ngazi zile! Ana heshima zake, apumzike. Nimeshamwondolea usumbufu. Jumatatu ijayo, mia tatu na kumi na mbili. Jumanne, mia tatu na tano. Jumatano, mia tatu kasoro moja. Alhamisi, mia mbili themanini na nane.

Mtu hujifunza. Safari hii hakuna namba hata moja iliyojirudia.