Siku Waheshimiwa Waliposalimisha Bastola

Halmashauri ilitangaza, kwa spika zilizofungwa juu ya gari la taka, kwamba kufyatua risasi ovyo kumepigwa marufuku kuanzia Jumatatu, saa za kazi. Wenye dharura waliombwa kuwa na subira.

Aliyesoma tangazo hilo alikuwa Afisa Uhamasishaji, mama mwenye sauti tamu, aliyeamini kwa moyo wake wote kwamba tangazo likisomwa vizuri, nusu ya tatizo imekwisha. Na mkakati ulikuwa umekamilika. Iliundwa Kamati ya Utulivu, kisha kamati ndogo ya kuituliza Kamati ya Utulivu. Kuta zilipakwa rangi ya maziwa, ambayo kwa mujibu wa mtaalamu hupoza hasira. Mabango ya HAPA HAPAPIGWI RISASI yalisimikwa kila kona. La sokoni lilitobolewa siku hiyohiyo, na Kamati ikafurahi: ushahidi kwamba ujumbe unasomwa.

Siku ya Jumanne mdogo wake Afisa, msusi, aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Dada, risasi imepita katikati yangu na mteja. Kioo chote chini."

"Pole, mdogo wangu. Umeripoti?"

"Kwa nani? Kwa bango?"

Afisa akacheka, akammiminia chai. Ndipo akaona chai ikimwagika, kikombe kinamshinda mdogo wake kushika. Mkono uliosuka nusu ya mji! Kicheko kikamkauka.

Ijumaa ikawa Siku ya Kusalimisha Silaha. Uani kwa Halmashauri ikatandikwa meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na wananchi wakaahidiwa kwamba hakuna atakayeulizwa swali. Hadi jua linakuwa kali, aliyekuwa amejitokeza ni mzee mmoja mwenye manati, naye aliomba risiti ili aje kuichukua jioni.

Mwenyekiti wa Halmashauri alikuwa akitokwa na jasho ndani ya suti.

"Mgeni kutoka wizarani yuko njiani, meza nyeupe pee! Tutaonekanaje?"

"Waheshimiwa mnazo za kujilinda," akasema Afisa. "Mngeziweka hapo kidogo, mheshimiwa."

"Za kupiga picha tu?"

"Picha tu."

Na wakati huo alimaanisha hivyo.

Madiwani wakaenda kwenye magari yao. Walirudi mikono imejaa. Meza ikafunikwa, ikabidi waongeze madawati. Mmoja alileta bastola kwenye mfuko wa sokoni, zikigongana kama masufuria.

"Zote hizi za kujilinda, mheshimiwa?"

"Nina maadui wengi, mama."

Katika umati, fundi viatu alinyoosha shingo. "Hee! Ile ya mpini mweupe naijua. Ndiyo niliyoelekezewa usoni nikiporwa simu. Ila aliyeishika hakuwa diwani."

"Zinaazimishwa, hujui?" akajibu mwenzake, kama anayemweleza mgeni njia ya kwenda posta.

Afisa alisikia. Akaitazama upya ile meza, kipaza sauti mkononi.

Mgeni wa wizara alipofika, Kamanda mpya wa polisi wa mji, mtu asiyejua utani hata kidogo, alimpigia saluti na kuamuru silaha zote zilizosalimishwa zimwagwe barabarani. Mashine ya kushindilia lami ikanguruma kutoka nyuma ya ofisi. Mwenyekiti akamvuta Afisa mkono wa gauni.

"Simamisha! Sema imeharibika!"

Afisa alimtazama. Alichokiona si yeye, bali kikombe cha chai kikimwagika. Akainua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Mheshimiwa Mwenyekiti ananinong'oneza hapa kwamba anaomba ya kwake itangulie!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mwenyekiti, ambaye kwa mazoea hakuwahi kushangiliwa bila kupunga mkono, akapunga. Dereva akadhani ndiyo ishara. Chuma kikalia kwacha kwacha chini ya gurudumu, na mgeni kutoka wizarani akafuta machozi.

Milio ya risasi ikanyamaza mtaani. Si kupungua, kunyamaza kabisa. Watu walianza kulalamika kwamba majogoo wana kelele.

Katika kikao cha Baraza kilichofuata, Mwenyekiti alisoma hotuba ndefu ya mafanikio. Madiwani walipiga meza. Kisha Kamanda akasimama, kofia kwapani.

"Hongereni, waheshimiwa. Ila nina jambo linanitatiza. Hakuna jambazi hata mmoja aliyesalimisha silaha. Tumeponda za kwenu tu, na ujambazi umekwisha mji mzima. Nani atanifafanulia kitaalamu?"

Diwani mwenye maadui wengi aligundua kamba ya kiatu chake imelegea.

"Niandike nini kwenye muhtasari, mheshimiwa?" Afisa aliuliza kwa sauti yake ileile tamu.

Mwenyekiti alikunja hotuba yake. "Andika... mafanikio haya ni yetu sote."

"Wote?" Kamanda akauliza.

"Sote kabisa."

"Ahsante, mheshimiwa," akasema Kamanda, akafungua mlango. Nje, basi la polisi lilikuwa limeshawashwa. "Basi tusiachane. Kituoni nafasi ipo."