Saa Kumi na Moja na Mabosi Wake Wenye Mikia

Likizo aliingia na gazeti la wilaya mkononi, theluji ya Aprili bado mabegani, hata salamu hakutoa.

"Jamani, mmesoma? Jirani wa barabara ya kanisani kanunua roboti la kukamulia! Ng'ombe anajiendea mwenyewe akijisikia. Hajisikii, anabaki kalala. Akimaliza, kuna brashi inamkuna mgongo."

"Mungu wangu," akasema LaVonne, mwenye kituo cha mafuta, akimimina kahawa. "Mimi nimezeeka hapa na hakuna aliyewahi kunikuna mgongo."

Kijiwe chetu ni meza moja kati ya rafu ya donati na friji la chambo cha samaki. Likizo anafanya kazi kiwanda cha jibini, na kila Februari hukimbilia Florida wiki mbili, ndiyo maana ya jina. Katiba huvaa kofia ya bendera na husema "nchi huru hii" kabla ya kusema habari za asubuhi. Mimi naendesha lori la maziwa, hivyo najua mazizi yote ya Wisconsin hii ya kwetu. Halafu kuna Verlyn, tunamwita Saa Kumi na Moja. Saa kumi na moja alfajiri anakamua, saa kumi na moja jioni anakamua, na amefanya hivyo tangu enzi ana nywele.

"Upuuzi," akanguruma Saa Kumi na Moja. "Ng'ombe akianza kuchagua, dunia imekwisha."

"Kwani wewe umechagua lini?" Likizo akamchokoza.

"Mimi? Mimi sina bosi, bwana! Wewe ndiye unagonga kadi kiwandani kama mfungwa. Mimi sijaomba ruhusa kwa mtu maisha yangu yote."

"Una mabosi sitini, tena wana mikia!"

Tukacheka mpaka donati zikatupalia. Katiba akapiga meza. "Mwacheni! Nchi huru hii. Mtu ana haki ya kuishi atakavyo, asiingiliwe!"

"Nyamaza wewe," LaVonne akamkata. "Hata hiyo kahawa kakuchagulia mkeo."

Kweli tupu. Mkewe alishapiga simu kituoni: mzee apewe ile iliyotolewa makali ya kafeini. Katiba akainamia kikombe chake.

Ndipo LaVonne akauliza swali ambalo sote tulikuwa tunalizunguka. "Verlyn, bintiyo Karna anaolewa Jumamosi hii. Suti umeipiga pasi?"

Saa Kumi na Moja akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Harusi ni saa kumi jioni. Milwaukee. Mwendo wa saa nne. Nani atakamua?"

"Wee! Hutaki kumsindikiza mwanao wa pekee madhabahuni?" LaVonne akashangaa.

"Si kutaka. Nimemwambia mama yake aende, anipigie picha nyingi."

"Mzee baba, hapo umechemsha," nikasema.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," akajibu kwa kiburi.

"Ng'ombe wako hawana nundu!" Likizo akaruka. "Hiyo nundu umejibandika mwenyewe!"

"Tutakamua sisi," akasema LaVonne. "Nimekulia zizini mimi. Hawa watatu watanibebea ndoo."

"Thubutu! Watashtuka, watagoma. Wale wananijua mimi tu."

"Na Karna, anakujua?"

Verlyn akasukuma kikombe chake pembeni. Roho iliniuma, maana namkumbuka yule binti akimngoja baba yake kwenye ngazi za shule, na aliyekuja kumchukua kila siku ni mama.

Saa Kumi na Moja alisema polepole, bila kututazama. "Sijui kukaa, jamani. Nitakaa pale na wakwe, ifike saa kumi na moja, mikono yangu niiweke wapi?"

"Mshike mwanao," akasema LaVonne. "Kisha ucheze naye muziki. Vibaya, kama baba wa bibi harusi yeyote."

Alikwenda. Sisi tukakamua Jumamosi jioni na Jumapili alfajiri. Katiba alipigwa teke na bado akasema ng'ombe ametumia haki yake.

Jumatatu nilipokwenda kwa Verlyn kuchukua maziwa, nikakuta maziwa tangini yamepanda kuliko siku zote. Nikayapima tena, jibu lile lile. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nikakimbia kijiweni tukaapa: Verlyn asijue. Mzee wa watu ataumia bure.

Akaingia, amenyolewa vizuri, uso umelainika. "Nimecheza," akasema. "Nimemkanyaga Karna mguu, akacheka mpaka akalia. Na mimi nikalia. Haya, ng'ombe wangu walisumbua?"

"Kidogo tu," nikasema.

"Walikutafuta sana," akadakia Likizo.

Katiba alikuwa anatetemeka kama sufuria la uji, hadi likamtoka. "Uhuru wa maoni! Wametoa maziwa mengi kuliko siku zote ukiwapo!"

LaVonne akamtupia kitambaa cha kufutia meza usoni, lakini neno lilishatoka. Saa Kumi na Moja akaketi taratibu. Akatazama dirishani, akanywa kahawa yote, akaweka kikombe chini.

"Kumbe walikuwa wamenichoka," akasema.

LaVonne akamjazia kikombe tena.

"Likizo," akaita, "huko Florida, mtu akitaka kwenda Februari, anaanza kupanga lini?"