Vidonge Vilivyomkumbusha Mke Wangu Shamba

Anselim, Baba Verediana,
Michenga, Ifakara.

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama tumelingana, pole na kazi. Mimi ni msomaji wako wa miaka mingi. Nimekwisha kukuandikia kuhusu mbolea, kuhusu magunia yanayojazwa lumbesa kupita kipimo, na kuhusu waandishi wako wasiojua pa kuweka nukta. Leo nakuandikia kuhusu ubongo wa mke wangu, ambao umesafishwa kupita kiasi.

Miezi miwili iliyopita, sokoni Ifakara, muuzaji aitwaye Hilary alikuwa akitangaza kwa kipaza sauti vidonge vyenye antioksidanti. Alieleza kwamba hewa ile ile inayolila jembe likaota kutu ndiyo inayoula ubongo, na vidonge vyake hukwangua kutu hiyo mtu akawaza sawasawa. Nikanunua kopo. Mke wangu, Evelina, alikuwa ametia chumvi kwenye uji badala ya sukari mara mbili ndani ya wiki moja, nami ni mume mwenye huruma. Nikamkabidhi, nikamwambia: kimoja kila asubuhi. Sasa sikiliza yaliyonipata.

Kwanza. Shamba letu la mpunga kule bondeni linaandikiwa hati ya kimila. Karani alipopita kuorodhesha, nilimtajia jina langu, kama ambavyo angefanya mwanamume yeyote mwenye adabu. Kamati ya kijiji inakuja Alhamisi kuhakiki, na muhuri ukishapigwa, jina halibadiliki. Evelina, ambaye kwa miaka ishirini na mitano hakusema neno, ghafla amekumbuka kwamba shamba lile alilifyeka yeye na marehemu mama yake. Nilipomwambia tulilifyeka sote, alinijibu huku anapepeta mchele, bila hata kuinua macho: "Baba Verediana, mwaka wa mvua za elnino wewe ulikuwa Mlimba unapakia magunia kwenye treni. Hata jina langu ulikuwa hulijui." Mhariri, mtu anayekumbuka namna hiyo hayuko katika hali yake ya kawaida.

Pili. Nimesoma kila makala niliyoweza kuipata. Wataalamu wanasema mambo haya yameonekana vizuri kwenye chupa za maabara na kwa panya, lakini kwa binadamu ushahidi bado unayumba. Nawauliza wataalamu hao: mmewahi kufika Michenga? Mke wangu anataja kila kisiki kilipokuwa. Anataja siku kiboko alipokanyaga kitalu cha miche. Panya gani amewahi kufanya hivyo?

Tatu. Mwanariadha akimeza dawa ananyang'anywa medali. Kwa nini shahidi aliyemeza dawa apewe shamba? Naomba kila shahidi apimwe mkojo kabla hajafungua kinywa. Nilipompelekea mwenyekiti wa kamati, Bwana Joachim, pendekezo hili, aliniuliza tu: "Na chupa za kuwekea tutazitoa wapi, Anselim?" Huko si kuipinga hoja. Huo ni uhaba wa vifaa.

Nne. Jirani yetu Makoye, mfugaji, anamuunga mkono Evelina. Anasema ng'ombe wake alizama kwenye tope la shamba lile, na waliomsaidia kumvuta ni Evelina na mama yake. Nilimtaka akiri kwamba naye amemeza vidonge. Alicheka sana. "Mzee, mimi nakula ugali na mlenda. Labda umpime ng'ombe." Alidhani amenimaliza. Lakini nimesoma kwamba antioksidanti zimo hata kwenye mboga za majani, nyanya, maembe na chai. Kwa hiyo Makoye naye anatumia dawa, ila anaipakulia kwenye bakuli.

Tano, na hili ndilo zito. Kama ni hivyo, kutoka Ifakara hadi Mlimba hakuna shahidi aliye safi. Bonde zima limelewa matembele! Nadai kila atakayetoa ushahidi wa ardhi afunge mboga kwa siku arobaini. Asiyehitaji kufunga ni mtu mmoja tu, ambaye hajagusa jani tangu utotoni na ambaye kumbukumbu yake haijaongezewa kitu chochote. Mtu huyo ni mimi. Nami nakumbuka waziwazi kwamba shamba ni langu.

Nisalimie wachapaji, dereva anayetuletea gazeti, na yule binti wa mapokezi aliyenikatia simu mara tatu. Mwambie sina kinyongo.

Wako katika kuitetea akili isiyotiwa kitu,

Anselim

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua hii nilimpa Evelina anihakikie tarehe. Aliisoma, akacheka mpaka akakalia kinu. Hajameza kidonge hata kimoja. Anasema aliona mwenye kuhitaji ni mimi, kwa hiyo kila asubuhi alisaga kimoja na kuumimina unga wake kwenye uji wangu. Kopo zima nimelimaliza peke yangu. Kisha akaniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu Jumatano. Kumbe ni Ijumaa. Kamati ilipita jana, mimi nikiwa chumbani natafuta maneno makali ya hoja ya tano, na shamba limeandikwa jina lake. Ameniomba, kwa upole, niamie ndege, niwafukuze shambani mpunga utakapotoa masuke. Nimekubali. Ukiona vema kuichapisha barua hii, Mhariri, tafadhali lifute jina langu. Karani wa kamati ameshaanza.