Bwana Doji Alisema Kata, Nikakata

Jamani, aibu niliyoipata leo ingetosha ukoo mzima, tukagawana na majirani wakabakiwa. Naandika nikiwa kwenye treni narudi nyumbani Crescent Town, shingoni nimevaa nusu kitambaa. Nusu. Likumbukeni hilo neno.

Nianze mwanzo. Mnaonijua mnajua wimbo wangu wa mwaka huu ni Bhutan. Kwa msionijua: mimi naitwa Tatu, wa Korogwe, na hapa Toronto nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nawaogesha, nawalisha, nabishana nao kuhusu soksi. Bhutan ni nchi ya milima huko Himalaya, watu wake ni Wabudha, na wana nyumba ya ibada imeng'ang'ania kwenye jabali kama popo. (Himalaya niliisoma shuleni. Kwenye mtihani niliandika kuwa ni aina ya ng'ombe. Niliishia kidato cha nne, msiniulize kwa nini.)

Bibi mmoja ninayemhudumia, Bi Joan, anakwenda huko na kikundi cha wazee wenzake, watembezwe, wakaangalie na sikukuu yao ya ngoma za vinyago. Yeye ndiye aliyenipa kijitabu chenye picha. Nilikitazama mpaka nikasahau kumpa chai. Nikakibandika kwenye friji ya shangazi ninayeishi kwake, na shangazi huyo, ambaye hana huruma na ndoto ya mtu, akasema, "Milima ya Usambara umeiona kwa dirisha la basi, leo unataka kupanda ya watu?"

Sasa, anayewapeleka wazee hao ni mama mmoja anaitwa Mama Shirini. Ni Mhindi wa Tanga, Ismailia, alikuja Canada kabla mimi sijazaliwa, ila Kiswahili chake hakikupanda ndege, kiko Tanga mpaka leo. Alikuwa anatafuta kijana mmoja wa kufuatana na wazee: awashike mkono kwenye ngazi, awakumbushe dawa, awabebee makoti. Nauli na malazi juu ya ofisi yake ya safari. Kijana mmoja tu. Bi Joan akanitaja mimi. Leo wasafiri walikuwa na mkutano, na Mama Shirini akaniambia niwahi kusaidia kupamba ukumbi, "nikutazame unavyofanya kazi."

Yaani mtihani. Na safari hii ng'ombe na mlima nilikuwa navijua.

Nimefika asubuhi, ukumbi uko chini ya maktaba. Nikasema, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba, shika mkasi." Hakunipa hata nafasi ya kuvua koti. Kulikuwa na vibendera vya rangi tano vya kutundika, na kamba ndefu kama siku ya Jumatatu. Ili mkasi usipotee, nikaufunga uzi nikauvaa shingoni. (Wazo langu mwenyewe. Nilijiona fundi.)

Hapo ndipo nilipomkuta Bwana Doji, mwongozaji wao, Mbhutan halisi, amekuja kuwaona wasafiri wake kabla ya safari. Mtu wa makamo, mpole, amevaa vazi la kwao, kama kanzu iliyopandishwa mpaka magotini ikafungwa mshipi, na chini soksi ndefu nyeusi zimenyooka sawasawa. Nikatamani wazee wangu wote waje waone mtu mzima anavyovaa soksi.

Sikilizeni hapa vizuri, maana ndipo mguu ulipoanza kuteleza. Mama Shirini akiwa kazini hana maneno mengi. "Tatu, leta ngazi. Tatu, vuta. Tatu, funga." Bwana Doji akawa anasikia. Saa moja haijapita naye ameshika: "Tatu, leta." Namletea. "Tatu, vuta." Navuta. Anacheka, nami nacheka. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba kwa lafudhi ile Korogwe angepewa mke. Kwa hiyo kichwani mwangu ikakaa kwamba huyu baba sasa anaongea Kiswahili, na Kiswahili chenyewe ni cha kutumana.

Wazee wakaja, wakakaa. Bi Joan mbele kabisa, miwani kaisahau kama kawaida. Bwana Doji akaonyesha picha ukutani. Nawaambia nilisimama na kamba mkononi mdomo wazi. Watu wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote, wamejaa uani kwenye ngome kubwa nyeupe. Watawa wanazunguka na vichwa vya kulungu na fahali, sketi za hariri zinafunguka kama maua. Akaeleza kuna na mchekeshaji mwenye kinyago chekundu, pua hii hapa. Kazi yake ni kuharibu. Wenzake wakicheza vizuri yeye anajikwaa, mtu mkubwa akipita yeye anamwiga mwendo, na hakuna wa kumkasirikia, kwa sababu bila yeye watu wangesinzia na sikukuu isingekamilika. Nikamcheka sana huyo mchekeshaji. (Nisingecheka, laiti ningejua.)

Picha zikaisha. Bwana Doji akanong'ona kidogo na Mama Shirini, Mama Shirini akatikisa kichwa kukubali. Kisha Bwana Doji akaniita mbele. Mimi. Na mkasi wangu shingoni kama medali.

Akatoa kitambaa cheupe cha hariri, upana kama taulo ya uso, urefu kunizidi mimi. Akakishika kwa mikono miwili, huku na huku, kikanyooka kati yangu na yeye. Akainama. Wazee wananitazama wanatabasamu.

Sasa nyie niambieni. Wewe mtoto wa Korogwe, mtu mwenye cheo kasimama mbele yako amenyoosha kitambaa kwa heshima, watu wamekaa wanasubiri, na mkasi unao. Hiyo ni nini kama si kukata utepe? Kwetu kisima kikichimbwa, mkuu wa wilaya anakuja kukata utepe. Choo cha shule yetu kilifunguliwa kwa utepe, kwa mkasi, kwa makofi na hotuba ya saa nzima, na mgeni rasmi hakukitumia. Nikaelewa moja kwa moja: safari inazinduliwa, na mgeni rasmi ni mimi. Machozi yakanilengalenga.

Hata hivyo sikukurupuka. Nilisubiri ruhusa. Bwana Doji akanitazama usoni, akasema kwa upole, "Kata."

Nikamuuliza, "Nikate?"

Akafurahi kabisa, akatikisa kichwa kukubali. "Kata, kata."

Nikakata.

Mkasi ulikuwa mpya. Hariri haikubisha. Nusu moja ikabaki mkono wake wa kulia, nusu nyingine mkono wa kushoto, na yeye katikati bado ameinama, anaangalia kushoto, anaangalia kulia. Mimi nimejinyoosha natabasamu kwa ajili ya picha. Halafu mtu mmoja akapiga makofi peke yake. Bi Joan. (Nilishawaambia hakuwa na miwani.)

Mama Shirini akasimama polepole. "Tatu, mwanangu. Umefanya nini?"

"Si kasema nikate, mama?"

"Kata ni jina la kitambaa!"

Ardhi ya Canada ni ngumu, jamani, haipasuki hata ukiiomba. Akanieleza pale pale mbele za watu, kwa Kiswahili, na afadhali ilikuwa kwa Kiswahili. Kitambaa kile hupewa mtu anayepokelewa kwa heshima. Kwao Bwana Doji wana namna yao kidogo ya kukiita, ila wageni wengi wamelizoea hilo la kata, na niliposema "nikate" alidhani nalirudia jina. Unakipokea kwa mikono miwili, unainama, basi. "Na alikuwa anakupokea wewe. Nilikuwa nimeshamwambia wewe ndiye utakayekwenda." Akaongeza, "Hicho alipewa na mama yake siku anaondoka kwao."

Yaani nafasi niliipata, na kwa mkono wangu nikaikata vipande viwili.

Nilikwenda stoo nikakaa kwenye viti vya kukunja, nikalia. Sikuililia Bhutan, kusema kweli. Nilimlilia yule mama wa watu, kamfungia mwanawe kitambaa, hajui huku kuna Tatu ana mkasi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Doji na nusu zake mbili. Mabega yanamtikisika. Nikajua naye analia, nikazidisha. Kumbe anacheka, mtu wa watu, anacheka mpaka ameshika ukuta. Alipopata pumzi akaniambia amewapeleka watu kwenye sikukuu ile miaka mingi, na kinyago chekundu hajawahi kukikuta Toronto.

Nikaomba radhi kwa lugha zote ninazozijua, yaani mbili kasorobo. Akanivisha nusu moja shingoni, akaufungua ule uzi na kuuchukua mkasi. Nusu ya pili akaikunja vizuri akanipa mkononi. Akasema, "Hii utampelekea mama yangu wewe mwenyewe. Na utamweleza wewe mwenyewe. Mimi simo." Kisha akaongeza kwamba mama yake si mtu wa kucheka ovyo.

Nikamtazama Mama Shirini mlangoni, sijui kama nimesikia sawa. Yeye akaniuliza tu, "Pasipoti yako inaisha lini?"

Nikarudi ukumbini na kitambaa kifupi kama mtoto anayelishwa uji. Bi Joan akanishika mkono akaniambia nimekata vizuri, mkato umenyooka. Nimempigia shangazi simu kumweleza. Alianza vizuri kwa kunipongeza, nilipofika kwenye "nikate?" akakata yeye. Simu.

Basi ndiyo hivyo. Natafuta mtu wa kunifundisha kusema "nisamehe mama" kwa lugha ya huko, na lafudhi iwe nzuri. Mkicheka chekeni kidogo kidogo, nashuka kituo kijacho na macho bado mekundu. Na mnaoogopea mali za watu wa Bhutan, tulieni: nimeuliza, kwenye ndege mkasi hauruhusiwi.