Ramani ya Shelui kwa Urefu wa Sauti

Jumatatu, 5 Mei 2025

Tumefika Shelui. Darasa zima la Jiografia ya Utangulizi, wiki moja, tunalala kwenye ukumbi wa shule. Kazi: kila mtu achore ramani ya mji kwa miguu yake. Kuhesabu hatua, kupima kwa kamba. Alama kumi. Mimi tayari ninazo kumi na moja za mwaka huu, na asiyefikisha kumi na sita hafanyi mtihani, anarudia mwaka. Nahitaji tano tu. Baba ameshawatangazia waumini wote kule Manyoni kwamba Noel wake atakuwa mwalimu.

Rebeka, mwenzangu darasani, ametoka na kamba kabla ya chai. Ameniuliza kama viatu vyangu ni vya kutembelea au vya kupigia picha.

Jumanne, 6 Mei

Ugunduzi! Nilikaa kwenye benchi la Mama Eliza, anayeuza chai wanapoegesha malori. Nikamuuliza kisima kilipo. Akanyoosha mkono: kuleeee! Zahanati? Pale. Kanisa? Paleee. Nikaacha andazi. Watu wanapima umbali kwa kuvuta sauti! Kwetu pia tunafanya hivyo tangu utoto, ila hakuna aliyewahi kuweka skeli. Nimeiweka mimi. Sekunde moja ya sauti, mita mia tano. "Hapo tu", mita mia mbili. Kwa nini mia tano? Inagawanyika vizuri.

Hadi jioni nimehoji watu arobaini na mmoja, saa ya simu mkononi. Chai vikombe tisa. Hatua nilizopiga: sitini, zote za chooni.

Jumatano, 7 Mei

Ramani imekamilika. Rangi tatu. Rebeka karudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Nikampa pole. Akasema abaki na pole yangu afanyie nini, nimpe maji. Kisha akataka kujua Nzega, mji wa mkoa mwingine, unatafuta nini nyuma ya gereji. Nikamweleza: dereva Sostenes, miaka kumi na minane kwenye barabara hii, amesema Nzega ni hapo tu. Basi ni mita mia mbili. Nani abishane na mzoefu? Rebeka kacheka hadi kakaa chini. Wivu.

Alhamisi, 8 Mei

Balaa. Madam Flora, mkufunzi wetu, amesema ramani haisahihishwi mezani, inatembelewa. Tukabadilishana kwa kura. Yangu kaipata Rebeka, aende nayo kisimani. Anajua kisima kilipo, lakini Madam alikataza kutumia kumbukumbu. Na Rebeka ni mtiifu.

Aliondoka saa tatu. Saa saba hajaonekana. Kisima kiko mita mia sita kutoka benchi la chai. Kwenye ramani yangu ni sekunde nane, yaani kilomita nne. Rebeka alirudi saa nane, akiongozwa na mchunga ng'ombe, sketi nzima vishonanguo. Hakuniita Noel. Aliniita "wewe Nzega". Darasa zima limelidaka jina hilo.

Alama: moja kati ya kumi. Ya rangi.

Ijumaa, 9 Mei

Nikamwamkia Madam shikamoo mara mbili, kwa usalama. Akaomba daftari langu la mahojiano. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Akauliza kwa nini akina mama wamekivuta kisima hivyo, na madereva wameifupisha Nzega. Kisha akajijibu mwenyewe. Akasema mama anakipima akiwa na ndoo kichwani, dereva anapima akiwa amekaa. Kwamba hiyo ni mada ya wiki ya tisa, na nimeikusanya bila kujua. Ramani ni takataka. Daftari si takataka.

Nafasi ya pili! Kesho nipime njia ya kisimani: kwenda mikono mitupu, kurudi na ndoo ya maji. Rebeka kanirushia kamba yake. Ni ya mita thelathini, kasema, nisiipime kwa kuiimbia.

Jumamosi, 10 Mei

Kwenda: hatua mia nane na nne. Kurudi na ndoo: elfu moja na kumi na sita, mapumziko manne, shati limelowa hadi kwenye kola. Mama Eliza akaniuliza, mwanangu, kisima umekiona? Nikasema kipo, mama, kuleeee. Nilijisikia mwenyewe. Sekunde nane kamili.

Ramani mpya imepata sita, badala ya ile moja. Kumi na saba! Nafanya mtihani! Nimempigia baba. Kasema kwani kulikuwa na wasiwasi?

Jumapili, 11 Mei

Madam kaongeza siku mbili, na kazi nyingine: mwinuko wa kilima cha nyuma ya shule. Wenzangu wameshaanza kuchonga fimbo za kupimia. Mimi nina jambo bora zaidi. Nitakaa chini kivulini, nihesabu anavyohema kila anayeshuka. Pumzi moja, mita tano. Jedwali tayari.

Rebeka kasema anayeshuka hahemi. Kweli kabisa, hilo sikuliona. Nimemwomba apande yeye, kisha arudi mbio.