Programu ya Kujenga Mwenyewe

Jumanne, 8 Julai
Nimepata kazi ya heshima! Mama Soila kaja dukani na kompyuta ya mwanawe Metito. Jumamosi ni sendofu, sherehe ya kumuaga bintiye, Soila, kabla ya harusi. Ndani ya kompyuta mna sauti ya marehemu bibi akimbariki Soila kwa Kimasai. Metito alimrekodi kabla hajafariki. Sauti ipo, ila haifunguki. Kompyuta inadai haina programu ya kuifungulia.

Dawa naijua. Programu hiyo ipo tayari mtandaoni, bure. Unabonyeza, inaingia, chai haijapoa. Lakini hivyo ndivyo afanyavyo Yuditha wa Korogwe, na watu wa hapa Handeni wameanza kupanda basi kumfuata! Mimi nitachukua msimbo chanzo, yaani programu ikiwa bado maandishi matupu, na nitaijenga mwenyewe. Nilimweleza Mama Soila hivyo. Hakuelewa. Alivutiwa, nadhani.

Aliomba kwanza nimhifadhie sauti kwenye flashi. Nikamwambia, mama, hapa si kwa wababaishaji.

Jumatano, 9 Julai
Nimeanza. Amri ya kwanza tu, mistari ikateremka kwenye kioo kama mvua. Nikaigeuza kompyuta itazame barabarani. Bodaboda wawili wakasimama. Mmoja akauliza kama naongea na setilaiti. Sikukanusha.

Kisha ikagoma. Inataka maktaba, kifurushi kidogo ambacho programu hukitegemea. Nikaijenga hiyo maktaba. Nayo ikataka nyingine. Ile nyingine ikataka mbili. Kufika mchana nilikuwa nimesahau nilichokuwa najenga.

Dada yangu Mwaija, ambaye tunashirikiana naye duka (yeye hupiga picha za pasipoti), akauliza kwa nini nisiweke ile ya tayari. Nikamwambia kuna tofauti ya ugali wa kusonga mwenyewe na mkate wa dukani. Akasema mkate angalau unalika.

Jioni umeme ukakatika. Afadhali.

Alhamisi, 10 Julai
Aibu. Sijui niandikeje.

Maktaba ya mwisho iliyotakiwa ni ile kuu, ambayo kila kitu kwenye kompyuta kinaiegemea. Iliyokuwemo ilikuwa ya zamani. Mtandaoni jamaa mmoja ameandika: msiiguse kabisa. Chini yake mwingine akaweka amri ya kuibadilisha. Nikamfuata wa pili. Amri yake ilikuwa fupi.

Nikabonyeza. Kimya. Nikaiambia kompyuta inionyeshe mafaili, ikakataa. Nikaizima, nikaiwasha. Kioo cheusi, na kimstari kimoja kinapepesa.

Ndipo akapita Mama Soila na kitenge kipya, akauliza inaendeleaje.

“Inapumzika, mama,” nikasema.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema tangu mama yake afariki hajaisikia ile sauti. Hakutaka kuisikia peke yake, anangoja Jumamosi, wote wakiwa pamoja. Akaniita mwanangu. Mwanangu!

Alipoondoka nikajifungia stoo, nikakaa juu ya maboksi ya karatasi. Mwaija aligonga. Nikasema nahesabu karatasi.

Ijumaa, 11 Julai
Basi la asubuhi, Korogwe. Kofia nimeishusha hadi machoni. Duka la Yuditha lina feni mbili! Nikajitambulisha kwa jina la Jabiri, mfanyabiashara wa machungwa. Nikasema kompyuta imeharibiwa na fundi mmoja wa Handeni.

Yuditha akachomeka flashi, akaiwasha kompyuta kupitia hiyo flashi, akachungulia ndani. Akatikisa kichwa.

“Huyo fundi wenu ni mtu wa namna gani?”

Ilibidi nijibu. “Mtu wa hovyo.”

Akasema inaonekana. Wateja wakacheka. Nami nikacheka, tena kuliko wote.

Sauti ilikuwa salama! Akainakili pembeni, akaurudisha mfumo, akaweka programu ya tayari. Sikuwa nimemaliza soda. Akabonyeza kujaribu, na sauti ya bibi ikajaa duka, ikikohoa kidogo kabla ya kuanza. Nikamwomba azime. Mwenyewe hajaisikia, nikasema, si vizuri sisi tutangulie. Akazima, akanitazama. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Jumamosi, 12 Julai
Sendofu. Kompyuta nilimrudishia Mama Soila jana jioni. Naingia ukumbini, nani yuko kwenye mitambo ya muziki? Yuditha! Kumbe walishamkodi zamani. Nikajificha nyuma ya keki. Keki yenyewe fupi.

Sauti ikapigwa. Hata wapishi waliacha kugonganisha sahani. Soila akapiga magoti mbele ya spika, kama vile bibi yuko ndani yake. Mama Soila akamshika bega, machozi yakimtoka, hayafuti.

Kisha akachukua kipaza sauti, akasema asimame fundi Sabiri, aliyeijenga programu kwa mikono yake. Makofi, vigelegele. Nikasimama. Hapo ndipo pa kusema kweli. Nikafungua mdomo.

Nikasema asanteni.

Yuditha hakunifichua. Nilipopita mezani kwake akaninong'oneza, “Machungwa hayajambo?”

Sikula. Pilau ile, na sikula!

Jumatatu, 14 Julai
Jana nilishinda ndani, uso ukutani. Nimeapa. Kazi yangu ni kuchapa na kudurufu, basi.

Asubuhi Mzee Ramadhan, mwalimu mkuu, kaleta kompyuta ya shule. Anataka printa itambulike tu. Kasikia sifa zangu za ukumbini. Mwaija akanikazia macho.

Nimetafakari kwa dhati, na kosa langu nimeliona: nilichukua toleo la zamani! La programu ya printa lipo jipya kabisa, limetoka jana. Walioliandika wameonya kwa herufi kubwa kwamba bado lisitumike. Nimemwambia mzee aiache kompyuta. Lisitumike! Maana yake Korogwe nzima hakuna aliye nalo.